Benidorm: Mji usiolala, ufuo usio na lango

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, umewahi kusikia mji ambao nyanya wa miaka sabini huamka kabla ya jua kuchomoza, akabeba mwavuli na kiti cha kukunja, akateremka kwa lifti kutoka orofa ya ishirini na kukimbilia ufuoni ili asipitwe na nafasi nzuri mchangani? Na wakati huo huo, barabara ya pili tu kutoka hapo, barobaro wa umri wa mjukuu wake ndio kwanza anatoka kwenye densi, macho mekundu, akitafuta kahawa nzito kabla ya kwenda kulala?

Mji huo upo. Unaitwa Benidorm, nao uko mashariki mwa Uhispania, ukingoni mwa Bahari ya Mediterania. Kila alfajiri ya kiangazi wawili hao hupishana njiani, mmoja akiianza siku na mwenzake akiifunga, wala hakuna anayemshangaa mwingine.

Kuna wanaoucheka mji huu. Wenye nazo wa Ulaya husema ni mji wa ovyo, uliojaa majumba marefu, makelele na walevi. Lakini mfanyakazi wa kiwandani aliyejinyima mwaka mzima ili apate wiki moja ya jua atakuapia kwamba hiyo ndiyo pepo yake hapa duniani. Wote wawili wana ukweli wao.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo sisi tulio na pwani yetu wenyewe tunafaa kulitazama kwa makini. Benidorm ilitajirika kwa watalii bila kumfungia mtu yeyote ufuo wake. Twende basi, tuzunguke mchana na usiku, kisha uamue mwenyewe.

Safari ya kufika

Kwanza, tusidanganyane: si safari rahisi kwa Mkenya. Utahitaji visa ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ilipandishwa hadi Euro 90 mnamo Juni 2024. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi haipo, kwa hivyo itakubidi ubadilishe ndege kwenye mji mwingine mkubwa kabla ya kutua Alicante, umbali wa kama kilomita 60 kutoka Benidorm.

Kutoka uwanja wa ndege, basi litakupeleka kwa barabara kuu kwa muda usiozidi saa moja hivi. Lakini ukiwa na subira, ingia mjini Alicante upande tramu. Itachukua muda mrefu zaidi, ila utaona mengi: mashamba ya mizeituni na milozi upande mmoja, na upande wa kulia bahari ya samawati inayojificha na kujitokeza kama mtoto anayecheza kibe.

Njiani utapita Villajoyosa, mji mdogo wa wavuvi unaosifika kwa chokoleti. Nyumba zake za ufuoni zimepakwa rangi nyekundu, manjano, kijani na buluu. Inasimuliwa kwamba wavuvi walizipaka hivyo ili kila mmoja akiwa mbali baharini aweze kuitambua nyumba yake.

Kisha, ghafla, utaona msitu wa majumba marefu yaliyosimama kati ya mlima na maji. Hapo usimuulize mtu. Umefika.

Jina lenye mwangwi wa kwetu

Kabla ya kuuvamia ufuo, lisikilize tena jina lenyewe: Beni-dorm. Hiyo "Beni" ni neno la Kiarabu lenye maana ya "wana wa", lile lile tunalolisikia tukitaja Bani Israili. Waislamu walitawala sehemu kubwa ya nchi hii kwa karne nyingi kabla ya wafalme Wakristo kuitwaa, na lugha yao ilibaki midomoni mwa watu hata baada ya utawala wao kwisha.

Ingia sokoni utazame. Mhispania huita sukari "azúcar", limau "limón" na zeituni "aceituna". Kijiji cha Guadalest, kilichoning'inia juu ya jabali milimani nyuma ya Benidorm, kimeanza na "wadi", yaani bonde la mto. Maneno yaliyokuja kwetu na majahazi ya Waarabu ndiyo yaliyokwenda kwao kwa njia nyingine. Kumbe mgeni kutoka Mombasa si mgeni kabisa huko!

Mji wenyewe ulipewa hati yake ya kwanza mwaka wa 1325. Kwa muda mrefu ulikuwa kijiji tu juu ya mwamba, chenye ngome ya kujikinga na maharamia wa baharini.

Kutoka jodari hadi watalii

Wanaume wa Benidorm walikuwa mabingwa wa kuvua jodari. Walitumia mitego mikubwa ya nyavu iliyofungwa baharini kama zizi, na manahodha wao walitafutwa na wenye mitego sehemu nyingi za Uhispania na hata Afrika Kaskazini. Wake zao walibaki nyumbani miezi kadhaa wakilea watoto na kulima mashamba madogo.

Mshairi wa Marekani, Sylvia Plath, na mumewe Mwingereza, Ted Hughes, walikwenda huko kwa fungate yao mwaka wa 1956. Walikuta mji wa mashua za dagaa, punda na nyumba nyeupe.

Lakini jodari walikuwa wamepungua na mtego wa Benidorm wenyewe ulikuwa umefikia mwisho wake. Wavuvi wangekula nini? Jibu lilitoka kwa meya kijana aliyeitwa Pedro Zaragoza, ambaye alishika usukani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Meya huyu aliona kwamba kile ambacho mji wake ulikuwa nacho kwa wingi, na ambacho Mwingereza na Mjerumani hawana, ni jua.

Kisa chake mashuhuri ni cha bikini. Wakati huo Uhispania ilikuwa chini ya Jenerali Franco na Kanisa lilikuwa na sauti kubwa. Mwanamke aliyeonekana ufuoni na vazi hilo la vipande viwili angeweza kutozwa faini. Zaragoza akaliruhusu mjini mwake. Viongozi wa Kanisa wakawaka, na ikasemekana angetengwa na waumini. Yeye akapanda pikipiki yake aina ya Vespa, akasafiri kutwa hadi Madrid kumwona Franco mwenyewe. Akarudi na baraka za mkuu wa nchi, na bikini ikabaki. Ndivyo meya huyo alivyopenda kusimulia hadi uzeeni. Alifariki mwaka wa 2008.

Hata hivyo, bikini si kazi yake kubwa. Kazi yake kubwa ni ramani. Mwaka wa 1956, wakati ambapo barabara nyingi za Benidorm zilikuwa bado vichochoro, mji huo ulipitisha mpango kamili wa ujenzi. Barabara pana zilichorwa kabla nyumba hazijajengwa. Baadaye mpango ukarekebishwa ili anayejenga aweze kwenda juu apendavyo, mradi aache nafasi wazi kuzunguka jumba lake.

Matokeo yake ndiyo yale majumba membamba marefu unayoyaona. Badala ya hoteli kujitandaza ufuoni na kujizungushia ukuta, zilisimama wima ng'ambo ya barabara. Kila moja ikapata upepo na jua, na wageni maelfu wakaweza kutembea kwa miguu hadi majini.

Uwanja wa ndege wa Alicante ulipofunguliwa mwaka wa 1967, mlango ulikuwa wazi kabisa. Kampuni za Uingereza zikauza safari za jumla, ambapo ndege, hoteli na chakula vililipiwa kwa bei moja. Mchimba makaa na karani, ambao baba zao hawakuwahi kuvuka bahari isipokuwa kwa vita, wakaanza kwenda ng'ambo kuota jua. Leo Benidorm ina wakazi kama 70,000, lakini vitanda vya hoteli pekee hukaribia 40,000, mbali na maelfu ya nyumba za kukodisha.

Mchana: pa kutembelea

Mji una fuo mbili kuu, na katikati yake pamesimama ule mwamba wa mji wa kale. Upande wa mashariki kuna Levante, ufuo wa kama kilomita mbili, ambao ndio wenye msongamano na shangwe. Upande wa magharibi kuna Poniente, wa kama kilomita tatu, ulio mtulivu zaidi na unaopendwa na familia za Kihispania.

Huko Poniente, tembea kwenye njia ya ufuoni iliyokamilika mwaka wa 2009. Imepindapinda kama wimbi na kupakwa rangi zote za upinde wa mvua. Nenda jioni, uone wazee wameketi, watoto wanaendesha baiskeli na wapenzi wameshikana mikono.

Yule nyanya mwenye mwavuli tuliyeanza naye utamkuta mapema. Mchezo wa kuhifadhi nafasi alfajiri umezua vita vingi mchangani, hadi baraza la mji likaupiga marufuku. Ukiacha kiti bila mwenyewe, kinaweza kuchukuliwa. Lakini nyanya hawa ni wabishi, na kila msimu vita huanza upya.

Ukichoka na jua, panda ngazi hadi mji wa kale. Mwisho wa mwamba utafika mahali panapoitwa Balcón del Mediterráneo, ukumbi wazi wenye nguzo nyeupe uliojengwa palipokuwa ngome. Kulia kwako Poniente, kushoto Levante, na mbele bahari tupu. Kama una kamera, filamu nzima itaishia hapo.

Karibu na hapo kuna kanisa la San Jaime lenye kuba za buluu, lililojengwa katika karne ya 18. Ndani yake huheshimiwa sanamu ya Bikira Maria yenye kisa cha ajabu. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1740 mashua isiyo na watu ilielea hadi karibu na mji. Kwa kuhofia tauni, watu waliichoma moto. Walipopekua majivu wakaikuta sanamu ikiwa nzima. Mpaka leo, kila mwezi wa Novemba, mji huadhimisha tukio hilo kwa maandamano, muziki na fataki.

Hapo hapo vichochoroni ndipo penye chakula. Waulize watu njia ya Calle Santo Domingo. Utakuta baa ndogo ndogo ambazo meza zake zimejaa vipande vya mkate vilivyopambwa kwa samaki, jibini, nyama iliyokaushwa na pilipili, kila kimoja kikiwa kimechomwa kijiti. Unachukua unachotaka, na mwishowe mwenye baa anahesabu vijiti vyako ndipo akutoze. Usivifiche, anakuona. Kama huli nyama ya nguruwe, uliza kwanza, kwa maana huko iko kila mahali.

Mpenda wali naye asikose ule uliopikwa kwa supu ya samaki, ambao wenyeji wa mkoa wa Alicante hujivunia sana. Mla pilau ya Pwani hatakosa la kulinganisha.

Kama una siku ya ziada, panda mashua hadi kile kisiwa kidogo cha pembetatu kilicho mbele ya mji. Hakina wakazi ila ndege wa baharini na wageni wa mchana wanaokwenda kupiga mbizi kutazama samaki.

Kisha geuka uutazame mlima Puig Campana, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,400, na utaona pengo mraba kileleni, kana kwamba mtu alikata kipande kwa kisu. Wazee wa huko husema kuna jitu lililoitwa Roldán, lililompenda binti mmoja. Likaambiwa kwamba binti huyo angekata roho mara mwali wa mwisho wa jua utakapozama. Kwa uchungu, jitu likaubomoa mlima ili jua lipate kupenya dakika chache zaidi. Kipande kilichoruka kikaangukia baharini, nacho ndicho kile kisiwa.

Usiku una zamu zake

Sasa jua limezama. Lakini fahamu, katika mwezi wa Juni halizami hadi baada ya saa tatu usiku! Ndiyo maana Mhispania hula chakula chake cha jioni saa tatu au saa nne, na mtoto wa miaka sita utamkuta bado anarukaruka barabarani saa tano. Usimhukumu mama yake; usingizi wa alasiri ulishafanya kazi yake.

Usiku wa Benidorm haufanani kila mahali. Una mitaa na una zamu.

Zamu ya kwanza ni ya wazee. Tangu mwaka wa 1985, serikali ya Uhispania imekuwa ikiwalipia wastaafu sehemu ya gharama za likizo, hasa wakati wa baridi ambapo hoteli zingefungwa. Mzee anapumzika, na mpishi na mhudumu hawafutwi kazi. Benidorm ndiyo mojawapo ya miji wanayoipenda zaidi. Jioni utawaona kwenye kumbi za Levante, babu amevaa suruali iliyopigwa pasi na nyanya amepaka rangi ya mdomo, wakicheza pasodoble kwa madaha. Hakuna anayewaambia kwamba wakati wao umepita.

Zamu ya pili ni ya Waingereza, na makao yake makuu ni mtaa wa Rincón de Loix, mwisho wa Levante. Huko utadhani umepotea njia ukatokea Uingereza. Baa zina majina ya Kiingereza, chai hutiwa maziwa, na mechi za soka huonyeshwa kwenye kila ukuta. Usiku hupanda jukwaani waigaji wa Elvis Presley, ABBA na Freddie Mercury, na baa nyingi hazitozi kiingilio. Unalipia kinywaji chako tu. Kipindi cha kuchekesha cha televisheni ya Uingereza kilichoitwa "Benidorm" na kuonyeshwa kati ya 2007 na 2018 kilizidi kuupa mtaa huo umaarufu.

Hapo pia ndipo utakapokutana na makundi ya vijana waliokuja kumsindikiza mwenzao kuuaga ukapera. Wanaume kumi waliovaa magauni, au wanawake kumi wenye mabawa ya malaika, wote wamelewa chakari. Ukiwa na watoto, wapitishe hapo mapema. Kukishafika saa sita, kuna mambo ambayo gazeti la familia haliwezi kuyaeleza.

Zamu ya tatu ni ya wale wanaotaka kuketi na kutazama. Ukumbi wa Benidorm Palace, uliofunguliwa mwaka wa 1977, huandaa chakula pamoja na maonyesho ya wachezaji waliovaa manyoya na mapambo ya kumetameta. Na muziki si jambo geni katika mji huu. Tamasha la nyimbo lilianzishwa hapo mwaka wa 1959. Mshindi wa mwaka wa 1968 alikuwa kijana aliyewahi kuwa kipa wa timu ya vijana ya Real Madrid kabla ya ajali ya gari kumkatiza: Julio Iglesias. Mwaka wa 2022 mashindano hayo yalifufuliwa kwa jina la Benidorm Fest, na mshindi wake, Chanel, akaenda kushika nafasi ya tatu kwenye shindano la Eurovision.

Zamu ya mwisho ni ya wasiolala. Kumbi kubwa za disko huanza kuchangamka saa saba au saa nane usiku, na muziki haunyamazi hadi kunapopambazuka. Wahispania vijana hawaendi huko mapema, kwa hivyo ukifika saa nne utacheza na kivuli chako.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza, usiende kuogelea au kulala ufuoni baada ya saa sita usiku. Sheria za mji zinakataza hadi saa moja asubuhi, na polisi hupiga doria. La pili ni lile tunalolijua vizuri hata hapa Nairobi: pata potea. Kwenye njia ya Levante utawaona watu wamezunguka kijimeza, mmoja akihamisha vikombe vitatu na mwingine "akishinda" noti baada ya noti. Wote ni wa genge moja. Wewe ndiwe utakayeshindwa.

Chini ya zulia

Hakuna kizuri kisicho na ila. Mji uliokua haraka namna hii ulilipa gharama zake. Mwaka wa 1978 ukame uliubana hadi maji ya kunywa yakalazimika kuletwa kwa meli. Fikiria hoteli zimejaa na mifereji imekauka! Tangu hapo mji ulijifunza kuyatunza maji kwa bidii, na wataalamu wengi wa mipango ya miji wameandika kwamba majumba marefu yaliyobanana hutumia ardhi na maji kwa uangalifu kuliko maelfu ya nyumba za kifahari, kila moja na kidimbwi chake.

Tamaa nayo ilileta vichekesho. Jumba pacha la Intempo lenye orofa 47 lilianza kujengwa kabla ya uchumi wa Uhispania kuporomoka mwaka wa 2008. Likasimama miaka mingi bila wakazi, na mwaka wa 2013 habari zikaenea duniani kote kwamba wajenzi walisahau kuweka lifti. Haikuwa kweli, lakini watu walipenda kuamini. Lilikamilika mwaka wa 2021. Jirani yake, Gran Hotel Bali, yenye kimo cha mita 186, ilifunguliwa mwaka wa 2002 baada ya ujenzi wa miaka mingi.

Lakini mzigo mzito kuliko yote hubebwa na wasioonekana. Kila kitanda ulalacho kimetandikwa na mtu. Wanawake wasafishaji wa hoteli nchini Uhispania wamejiunga pamoja kwa jina la Las Kellys, lililotokana na maneno ya Kihispania yenye maana ya "wale wanaosafisha". Wanalalamika juu ya wingi wa vyumba wanavyopewa katika zamu moja, migongo inayouma na mishahara isiyolingana na jasho. Benidorm nako sauti zao zimesikika.

Isitoshe, kodi za nyumba zimepanda katika miji ya watalii. Mwenye nyumba anaona heri kumkodisha mgeni wa wiki moja kuliko mhudumu wa mwaka mzima. Julai 2024, wenyeji wa Barcelona waliokasirika waliwamwagia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahispania wengine sasa wanatafuta jembe.

La kubeba nyumbani

Turudi basi kwenye lile jambo tuliloanza nalo. Katika Benidorm, mwenye chumba ghali cha orofa ya arobaini na dereva wa lori aliyekuja na mkate wake kutoka nyumbani hukanyaga mchanga mmoja. Hakuna lango, hakuna mlinzi wa kumuuliza mtu anakwenda wapi. Anayetaka kitanda cha kukodi atalipa. Anayetandika taulo yake halipi chochote. Sheria ya Uhispania ya mwaka wa 1988 inatamka wazi kwamba ukingo wa bahari ni mali ya umma.

Sisi nasi tunayo sheria. Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Tatizo letu ni njia ya kuifikia. Ni mara ngapi umeshuka matatu kwenye barabara kuu ya Pwani, ukasikia mawimbi kwa masikio yako, lakini ukatembea kitambo kizima ukifuata ukuta mmoja baada ya mwingine bila kupata kichochoro cha kukufikisha majini? Ndiyo maana sikukuu zikifika, umati wote hujazana kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ilhali kwingine mchanga umelala mtupu. Na mvuvi aliyerithi bandari ndogo ya babu yake hupita huku akiulizwa maswali.

Simwambii mtu ajenge majumba ya orofa hamsini Diani. Miti na utulivu wa pwani yetu ni utajiri ambao Benidorm haiwezi tena kuununua. Ninachosema ni kwamba kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wale wavuvi walichora barabara, na ufuo ukabaki wazi. Ramani ya 1956 ndiyo inayomruhusu nyanya wa leo kuteremka na mwavuli wake.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Siku utakapobahatika kuuona mji huo, amka mapema asubuhi moja, uketi kwenye ukuta mfupi wa Levante wakati taa za disko zinazimwa na viti vya kukunja vinafunguliwa. Mtazame mfagiaji wa barabara, mhudumu anayekwenda zamu, barobaro anayeyumba na ajuza anayeharakisha. Jiulize ni nani kati yao mgeni na ni nani mwenyeji. Kisha vua viatu, uingie majini. Hakuna atakayekuuliza unatoka hoteli gani.